Mkaguzi Aliyetazama Bila Kusikiliza

Ndugu zangu, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaoshika simu kuliko mnavyoshika kijiko, nipeni muda wenu kidogo. Nataka kuwasimulia habari za nyumba moja iliyokuwa na amani, na jinsi amani hiyo ilivyoondoka kwa mzaha. Siyasemi haya ili kumchafua mtu. Wenyewe wameniruhusu, na mmoja wao ameniomba nisipunguze neno.

Nyumba hiyo ilikuwa ya baba na binti yake. Mama alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Baba alifanya kazi katika Bodi inayokagua filamu na vipindi kabla watu hawajaonyeshwa, ndiyo maana mtaani tulimwita Mkaguzi. Binti alikuwa chuoni akisomea utengenezaji wa filamu. Na mtu wa tatu, ambaye hakulala humo lakini ndiye aliyeishikilia nyumba isianguke, alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa Mkaguzi.

Shangazi alikuwa fundi pasi. Meza yake ilikuwa kwenye kibaraza cha jengo la pembeni mwa barabara, na pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito, yenye mpini uliong'aa kwa kushikwa. Alikuwa akijaza maji mdomoni, anayapuliza juu ya nguo yakashuka kama umande, halafu anapitisha pasi. Kola aliiacha mwisho. Akishaimaliza, aliliinua shati karibu na uso, midomo yake ikachezacheza kidogo, kisha akalikunja. Hakuna aliyewahi kumuuliza anasema nini. Wengine tulidhani anaimba.

Asubuhi za mapumziko alipita kwa mdogo wake na mashati ya kazini. Wakanywa chai wote watatu, mlango wazi, jua likiingia hadi kwenye miguu ya meza.

"Hili shati umelifanya nini?" Shangazi alimuuliza Mkaguzi siku moja. "Ulilivaa au ulipigana nalo?"

"Dada, ofisi yetu ina joto."

"Joto halikunji mkono wa shati hadi kwapani. Sema ulilala kazini."

Binti alicheka hadi chai ikampalia. Shangazi akampigapiga mgongoni, naye Mkaguzi akajifanya amekasirika. Ndivyo walivyoishi. Ningependa hadithi iishie hapo.

Ukafika wakati wa binti kutengeneza filamu ya kumalizia masomo. Yeye na mwenzake wa darasani, kijana aliyezoea kutembea na kamera shingoni hata akienda kununua sabuni, na kwa hiyo akaitwa Kamera, waliamua kutengeneza makala ya mzaha. Kwa asiyejua, hii ni filamu inayojifanya makala ya kweli. Picha ni za kawaida, sauti ya msimuliaji ni nzito kama ya taarifa ya habari, lakini yanayosemwa ni ya kubuni, ili watu wacheke. Si kitu kibaya. Kikifanywa vizuri kinaweza hata kutufundisha tusiamini kila sauti nzito.

Walikaa sebuleni kwa Mkaguzi, mwenyewe akiwa kazini, wakapanga.

"Tunahitaji mtu ambaye hajui kuigiza," alisema Kamera. "Akijua tu kwamba ni kichekesho, ataharibu. Ataanza kukaza macho."

"Shangazi yangu," binti alisema, bila kufikiri sana.

"Yule wa pasi? Anafanya nini cha kuchekesha?"

"Anaongea na kola. Umewahi kumwangalia? Anainua shati hivi, anainong'oneza." Binti alichukua kitambaa cha meza akaonyesha, na Kamera akaangua kicheko.

"Basi tumepata! Ni mpelelezi. Kila kola ina kinasa sauti. Mtaa mzima unapeleka siri zake kwa mama mmoja mwenye pasi!"

Wakacheka wakaandika, wakaandika wakacheka. Jina la filamu likawa *Idara ya Siri ya Kola*. Sauti ya msimuliaji angeiweka binti mwenyewe, maana alijaliwa sauti ya utulivu, sauti ambayo ukiisikia unanyoosha mgongo.

Halafu wakafika kwenye kanuni. Bodi inataka filamu ya namna hii iwe na maneno "Haya ni maigizo" kwenye skrini tangu mwanzo hadi mwisho. Tena inataka kila mtu anayeonekana ndani yake aonyeshwe kazi ikiwa imekamilika, aione na aisikie, ndipo akubali.

"Tukiweka maneno hayo mwanzoni, tumejimaliza," alisema Kamera. "Ni kama kumwambia mtu, kaa vizuri nikuchekeshe."

"Tutayaweka mwishoni. Baada ya majina yetu."

"Na huko kwa mzee wako? Akisikia hiyo sauti yako na mambo ya vinasa sauti, si atairudisha?"

Binti akatabasamu. "Baba huwa hasikilizi. Anatazama tu."

Alilisema neno hilo kama utani wa nyumbani, lakini lilikuwa kweli tupu. Katika Bodi, wakaguzi wote walikaa chumba kimoja, kila mtu na skrini yake. Sauti zote zikifunguliwa pamoja hakuna ambaye angesikia chochote, na vifaa vya kuvaa masikioni vilikuwa vimeharibika zamani, hakuna aliyeomba vingine. Basi wakazoea kukagua sauti ikiwa imezimwa. Waliwinda miili iliyo wazi, damu na sigara. Kisichokuwa na hayo kilipita. Binti alikuwa ameingia chumba hicho tangu utotoni, akakiona kimya chake, akadhani ndivyo kazi inavyofanywa.

Walimwendea Shangazi wakamwambia wanatengeneza filamu kuhusu kazi yake. Alifurahi jinsi gani! Siku ya kupiga picha alikuja na gauni la buluu ambalo hulitoa kabatini kwa shughuli maalumu, akafuta meza mara mbili, akawapangia hata wapi jua litakuwa zuri.

"Nikipuliza maji, usinikaribie sana na hicho kitu chako, mwanangu," alimwambia Kamera. "Nitakulowesha, halafu mtasema fundi pasi ana matusi."

"Usijali, mama. Fanya tu kama siku zote."

Akafanya kama siku zote.

Filamu ilipofika Bodi, Mkaguzi aliona jina la binti yake kwenye bahasha. Kanuni inamkataza mkaguzi kukagua kazi ya ndugu yake. Yeye akasema, "Nipeni mimi hii," na wenzake wakampa, maana nani angemnyima baba fahari yake? Akaitazama kimya kimya, kama alivyotazama nyingine zote. Akamwona dada yake katika gauni la buluu, mvuke ukipanda, mikono ikienda na kurudi. Kwa macho ilikuwa makala ya heshima juu ya kazi ya mikono. Makala ya kweli haihitaji kuandikwa kwamba ni maigizo, kwa hiyo hakuyatafuta maneno hayo. Majina ya watengenezaji yalipoanza kupanda, macho yake yalikuwa na machozi. Akazima, akatia sahihi, akagonga muhuri.

Kituo kimoja cha televisheni chenye kipindi cha vijana kiliona kibali, kikaionyesha. Wengi wetu tulicheka, nisiwadanganye. Sauti ile ilikuwa ikisema kwa uzito, "Mnamwona kama fundi pasi. Lakini hakuna mume anayechelewa kurudi, hakuna bosi anayesinzia, ambaye mwanamke huyu hajamripoti." Na pale pale Shangazi anainua kola, midomo inacheza.

Halafu mtu akakata kipande hicho peke yake, bila jina la filamu, bila mwisho wake, akakituma. Kikaenda simu hadi simu. Kilipotoka mtaa mmoja kwenda mwingine kilikuwa kichekesho. Kiliporudi kilikuwa habari.

Shangazi hakuwa ameiona. Kila alipouliza, binti alimjibu, "Bado tunahariri, shangazi." Aliona tu kwamba kapu la nguo linazidi kuwa jepesi. Mwalimu aliyeleta nguo zake kila wiki alipita akiwa na mfuko, akavuka barabara, akaenda mbele.

Siku ya siku akaja dereva wa lori. Mke wake alikuwa amegundua kwamba ana mwanamke mwingine kule anakolala safarini, na nyumbani moto ulikuwa unawaka. Alisimama mbele ya meza watu wakisikia.

"Wewe mama, mke wangu umemwambia nini?"

"Mke wako yupi, baba? Mimi hata simfahamu."

"Humfahamu! Na hiki nini?" Akamsukumia simu usoni.

Shangazi akajiona. Akajisikia akielezwa. Aliinama akatazama hadi kipande kikaisha na kuanza tena chenyewe. Dereva alinyakua mashati yake kutoka kwenye rundo, na katika kunyakua akaiangusha pasi, mkaa ukamwagika kibarazani. Watu wakarukaruka. Hakuna aliyesaidia kuuzoa. Sauti ile Shangazi alikuwa ameitambua tangu neno la kwanza, na hakumwambia mtu.

Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Mkaguzi alikuwa ametoka kazini muda si mrefu, soksi bado miguuni.

"Mdogo wangu," alisema, akiwa bado amesimama, "zile filamu zinazoonyeshwa, si zinapitia kwenu?"

"Zinapitia, dada. Kaa basi."

"Ile yangu uliiona?"

"Niliiona mimi mwenyewe."

"Uliona nini?"

"Nilikuona wewe. Unapiga pasi, umependeza. Nilifurahi sana, nusura nilie."

"Na ulisikia nini?"

Mkaguzi aliinama akaanza kuvua soksi. Shangazi akamngoja, maana alikuwa mtu wa kungoja watu. Kisha akasema polepole:

"Nilikuwa nawaombea. Ile midomo. Mtu ananiletea shati lake la kazi, nalimaliza, namwombea aliyelivaa arudi nyumbani salama. Wewe nimekuombea tangu ukiwa na kaptula. Huyu mtoto wako nimemwombea kwenye kila sare aliyovaa. Sasa wanasema nilikuwa nachongea watu."

Binti alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Shangazi alipoondoka, baba na mwana waligeukiana kama watu wasiojuana.

"Mmemfanyia nini dada yangu?"

"Baba, ni wewe uliyeipitisha!"

"Ulijua sikusikiliza!"

"Nilijua. Kila mtu pale kwenu anajua. Wewe hukujua?"

Baba aliinua mkono, kisha akaushusha, akaona aibu ya kuuinua. Binti akaingia chumbani. Kamera alikuwa amempigia kumwambia kwamba chuo kinaitaja filamu yao kuwa bora ya mwaka, na kwamba sasa si wakati wa kulegea. Alikuwa amemjibu, "Nitakuambia." Na siku kadhaa hakumwambia kitu.

Mkaguzi alimwendea mkuu wake wa kazi. Mkuu alimsikiliza akichezea kalamu.

"Mwenye malalamiko alete kwa kamati," alisema. "Kamati ikikaa, itaangalia."

"Itakaa lini?"

"Ikijaaliwa. Njia ya haraka ni moja tu. Mkaguzi mwenyewe aondoe sahihi yake. Hapo kituo kinalazimika kuishusha filamu na kutangaza kosa, saa ile ile, kipindi kile kile. Lakini utaulizwa kwa nini ulitia sahihi. Utasema nini? Kwamba ulikagua kazi ya mwanao? Kwamba hukusikiliza? Nami nitaulizwa kwa nini chumba kizima hakina vifaa vya masikioni." Akaiweka kalamu chini. "Nenda nyumbani ukapumzike. Haya mambo hupoa."

Naye akaenda nyumbani. Ndugu zangu, hapa ndipo ninapomwogopea kila mmoja wetu. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kwa ajili ya mkate wake. Alipiga magoti kusali na maneno yakakataa. Akaanza, "Ee Mungu, msaidie dada yangu," akaona kwamba anamwomba Mungu afanye kazi aliyopewa yeye. Akainuka bila kusema amina. Kesho yake alikwenda kazini, akakaa mbele ya skrini. Na kesho yake tena. Kila filamu aliyotazama, midomo ilicheza asijue inasema nini, na kila muhuri aliogonga ulimchoma.

Wakati yeye anasubiri mambo yapoe, mwenye jengo alimwambia Shangazi aondoke kibarazani. "Mimi sina ugomvi nawe, mama," alisema, "ila wapangaji wangu wanasema hawawezi kupita mbele yako kila asubuhi." Meza ikatolewa nje. Binti, akitoka chuoni, alimkuta Shangazi amekaa juu ya meza yake ukingoni mwa barabara, pasi baridi mapajani, amezungukwa na vifurushi vya nguo ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua.

"Shangazi, nisamehe. Nilitaka tu watu wacheke."

"Wamecheka," alisema Shangazi. "Shika upande ule wa meza, haya magari yatanigonga."

Wakaibeba wawili, vifurushi vikiwa juu yake, hadi nyumbani kwa Mkaguzi. Mkaguzi aliporudi jioni akaikuta meza ya dada yake sebuleni, imejaza chumba. Alisogea akaigusa ile sehemu iliyoungua katikati, mahali ambapo pasi ilikuwa ikipumzika miaka yote aliyokuwa akisomeshwa na dada yake kwa kazi ile.

Asubuhi aliingia kwa mkuu kabla hajavua koti. "Naondoa sahihi yangu," alisema. "Na andika sababu zote mbili. Nilikagua kazi ya mwanangu, na sikusikiliza."

"Umefikiria vizuri?"

"Hapana. Ningefikiria vizuri ningekuja siku ile ile."

Filamu ikashushwa. Binti alikwenda mwenyewe chuoni akasema hastahili sifa waliyotaka kumpa. Kamera alikasirika, akamwita msaliti, halafu akauliza kama Shangazi ameumia na ule mkaa. Kituo kilitaka mtangazaji wake asome tangazo la kosa. Binti akaomba alisome yeye, kwa kuwa watu waliidhani ile sauti kuwa ya kweli, na inafaa sauti hiyo hiyo iwaambie. Akasema, kwa utulivu ule ule:

"Mwanamke mliyemwona ni fundi pasi. Hakumripoti mtu yeyote. Hakuonyeshwa filamu yetu wala hakuikubali. Nilimdanganya. Midomo yake ilipocheza alikuwa akiwaombea wenye nguo, na mimi nikiwa mmoja wao."

Je, mambo yalirudi kama zamani? Ningependa kuwaambia ndiyo. Tangazo halikatwi likatumwa simu hadi simu, kwa kuwa halichekeshi. Waliolisikia hawakufikia hata robo ya waliosikia uongo. Mkaguzi aliondolewa kwenye skrini, akapelekwa ghala la kanda za zamani, kazi ya vumbi na heshima ndogo. Mkuu wake pia hakubaki alipokuwa. Binti alirudia mwaka. Shangazi alisema amewasamehe, akaongeza, "Lakini msiniharakishe nicheke."

Basi Mkaguzi akaanza kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Kila akitoka ghalani alibeba vile vifurushi vilivyokuwa vimesahauliwa, akaenda mlango kwa mlango. Alipofunguliwa alisema, "Nguo zako hizi. Aliyezipiga pasi ni dada yangu. Ile filamu niliipitisha mimi bila kuisikiliza, na ni uongo." Wengine walimkaribisha. Wengine walipokea mfuko kwa ncha za vidole. Dereva wa lori, ambaye mashati yake alikwisha kuyachukua, naye alifikiwa; alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Siri yangu ilitoka wapi basi?" Mkaguzi akamjibu, "Hiyo jiulize mwenyewe," na mlango ukafungwa.

Mlango wa mwisho katika barabara ile ulikuwa wa muuguzi mmoja, aliyekuwa ametoka zamu, macho mekundu. Alimsikiliza akiwa ameegemea kizingiti.

"Kumbe alikuwa ananiombea," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nikaacha kumpelekea." Akaingia ndani, akatoka na rundo la sare nyeupe, zilizokunjamana vibaya, akamtwika mikononi hadi zikamfika kidevuni. "Mwambie nazihitaji kesho. Na mwambie zamu za wiki hii ni ngumu."

Mkaguzi alirudi nazo nyumbani, akihisi barabara kwa miguu kwa sababu haoni mbele. Dada yake akazipokea moja moja, akaanza kuchochea mkaa.

Funzo

Kwanza, ninyi mliokabidhiwa kukagua kwa niaba yetu, iwe filamu, chakula, daraja au hesabu za kanisa na msikiti: kazi mliyopewa si ya muhuri. Mkizoea kuifanya nusu, siku moja ile nusu nyingine itamwangukia mtu, na huenda akawa wa kwenu. Kitu cha nduguyo mpe mwenzio akikague.

Pili, vijana wetu, chekesheni. Mungu hakukataza kicheko. Lakini uso wa mtu si wenu. Mwonyesheni kwanza mlichotengeneza, asikie mnavyomsema, na kama mnaogopa kumwonyesha, hapo mmekwisha kupata jibu. Kanuni mnayoiona inaua utamu wa mzaha huenda ndiyo inayomlinda mtu asiye na wa kumsemea.

Tatu, sisi tunaopokea na kutuma. Kabla hujakituma kipande, tafuta kilikotoka na kinakoishia. Na ukiisha kujua umekosea, usingoje mambo yapoe. Yanapopoa kwako, yanakuwa yanamuunguza mwenzako. Mwenyezi Mungu atupe masikio pamoja na macho, atupe na moyo wa kuondoa sahihi zetu mapema. Amina.